Jentamaisini ya Sindano na ya Matone

Januari 2024, macho mekundu yalipoivamia Dar es Salaam, kichupa kimoja cha jentamaisini kiliweza kuzunguka chumba kizima cha hosteli, kila mtu na tone lake. Ugonjwa ule ulikuwa wa virusi, na jentamaisini inaua bakteria tu. Tena ncha ya kichupa ikigusa jicho bovu, inabeba virusi hadi kwa anayefuata.

Mimi nasoma ualimu, si famasi. Ila kwenye elimu maalumu dawa hii inatajwa kati ya vitu vinavyoweza kumpotezea mtoto usikivu. Sasa inakuwaje dawa inayoua masikio iuzwe kwa ajili ya macho?

Tofauti iko kwenye kiasi na njia. Matone ya kawaida yana miligramu 3 kwa mililita, kwa hiyo tone moja halifiki hata miligramu 0.2. Sindano moja ya miligramu 80 ni zaidi ya matone 400! Halafu tone linafanya kazi pale pale jichoni, kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno. Sindano inazunguka mwili mzima. Figo ndizo zinazoitoa, na zinaweza kuumia, ingawa mara nyingi hupona. Sikio la ndani halina bahati hiyo: seli zenye vinyweleo zinazopokea sauti zikifa, hazioti tena. Sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea. Mtoto anaitika jina lake vizuri kabisa, lakini kwenye imla "s" na "f" zinampita, na sisi walimu tunamwita mzembe.

Sindano si adui, jamani. Kichanga mwenye maambukizi kwenye damu huokolewa nayo, ikiambatana na ampisilini. Streptomaisini, ya kwanza katika kundi hili la aminoglaikosaidi, iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Iliponya wengi kifua kikuu, na baadhi yao wakabaki viziwi. Ndiyo maana daktari anapima uzito, anahesabu siku na kuangalia figo. Ukiwa kwenye sindano hizo ukasikia mlio masikioni au kizunguzungu, mwambie siku hiyo hiyo.

Vichupa vingine vimeandikwa macho na masikio, na hapa ndipo ninapopaogopa zaidi. Tone lisilo na shida jichoni, likitiwa kwenye sikio ambalo ngoma yake imetoboka, linaweza kufika sikio la ndani. Anayetoka usaha achunguzwe sikio kwanza, kabla hajaazima kichupa cha mwenzake.