SOMO LA AFYA: NAMBA YA VIRUSI VYA HEPATITISI C INASEMA NINI?



Ulipimwa damu ukaambiwa huenda una hepatitisi C, ugonjwa wa ini. Kisha ukatumwa Bujumbura kwa kipimo cha pili, na sasa una karatasi ya Kifaransa yenye namba ndefu. Jirani yako naye anayo ya kwake. Yako inasema 3.200.000, yake inasema 45.000. Yeye anafurahi na kusema hahitaji dawa. Wewe hulali usiku. Somo hili ni lenu wote wawili, kwa sababu wote wawili mmeielewa vibaya namba hiyo.

1. Vipimo ni viwili

Kipimo cha kwanza, cha tone la damu ya kidoleni, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ili kupigana na virusi. Askari hao hubaki hata baada ya vita kwisha. Karibu watu 3 kati ya 10 huvishinda virusi hivi wenyewe katika miezi 6 ya kwanza, bila dawa. Kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Kipimo cha pili hutafuta virusi vyenyewe. Kwenye karatasi tafuta maneno "charge virale", yaani wingi wa virusi. Namba iliyo mbele yake hutaja kiasi cha virusi katika mililita moja ya damu. Ikiwa pameandikwa "indétectable", virusi havikuonekana.

2. Namba haisemi ini limeharibika kiasi gani

Mwenye 45.000 anaweza kuwa na ini lililojaa makovu. Mwenye 3.200.000 anaweza kuwa na ini ambalo bado ni zima. Tena namba hupanda na kushuka yenyewe. Jirani asifurahi kabla ya wakati, nawe usikate tamaa.

Fikra hii ilitoka wapi? Zamani tiba ilikuwa sindano za interferoni, mara nyingi kwa mwaka karibu mzima, zikiwa na homa na uchovu mwingi. Wakati huo namba ndogo ilimsaidia daktari kukisia nani angepona. Tangu mwisho wa mwaka 2013 vilianza kuja vidonge vipya, na kwa vidonge hivyo namba haina tena uzito huo.

3. Mambo yanayoamua matibabu

(a) Je, virusi vipo? Vikiwepo, namba iwe ndogo au kubwa, unastahili dawa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kutibu watu wazima wote wenye virusi hivi, bila kungoja waugue.

(b) Ini likoje? Daktari hupima damu yako, hutazama umri wako, na hukagua kama tumbo limejaa maji au macho yamekuwa ya manjano. Ini lenye makovu makubwa huenda likahitaji dawa kwa muda mrefu zaidi.

(c) Una nini kingine? Mwambie daktari kama unatumia dawa za kifua kikuu, za UKIMWI au za moyo, kwa kuwa nyingine hugongana na vidonge hivi. Mwambie pia kama una mimba. Uliza kama umepimwa hepatitisi B, kwa sababu inaweza kuamka wakati C inatibiwa.

4. Dawa ipo, na inaponya

Vidonge vinavyotumika sana ni sofosbuvir na daclatasvir, kila siku kwa wiki 12. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Virusi vinavyoonekana zaidi Afrika ya Kati ni vya aina ya 4, sawa na vya Misri. Misri imetibu zaidi ya watu milioni 4. Kwa hiyo anayekuambia kwamba virusi vya kwetu havisikii dawa anakudanganya. Usiuze mgao wako wa chakula kununua mizizi ya kusafisha ini.

5. Baada ya dawa

Rudi upimwe wiki 12 baada ya kumeza kidonge cha mwisho. Ikiwa pameandikwa "indétectable", umepona. Tunza karatasi hiyo vizuri. Kipimo cha kidoleni kitaendelea kuonyesha askari wako wa zamani, na mtu asiyejua atakuambia bado unaumwa. Lakini unaweza kuambukizwa tena, kwa hiyo jikinge.

6. Wakati unangoja

Acha pombe, hata ya ndizi, kwani huharakisha makovu. Usishiriki na mtu wembe, sindano, mswaki wala kifaa cha kuchanjia chale. Virusi hupita kwenye damu. Kula sahani moja, kushikana mikono na kukumbatiana hakuambukizi. Usimtenge mgonjwa.

MASWALI YA KUJIPIMA

- Jirani mwenye 45.000 aende kwa daktari? (Ndiyo, kama wewe.)
- Namba ikishuka bila dawa, umepona? (Hapana, mpaka virusi visionekane kabisa.)
- Ukienda hospitali uulize nini kwanza? (Uliza: "Ini langu likoje, na nitaanza dawa lini?")

Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome.