Besi la Zamani: Kabla Hujatoa Hela, Kabla Hujashika Msasa

Mpiga besi akinyamaza katikati ya wimbo, hata shabiki asiyejua gitaa atageuka kutazama jukwaa. Siku hizi magitaa yenyewe yana wapenzi wake. Fender Precision au Jazz Bass ya miaka ya 50 na 60 inaweza kuuzwa kwa hela ya kununulia gari, na penye hela nyingi hivyo waghushi hawakosekani. Vidokezo hivi ni vya anayetaka kununua, kukarabati na pengine kuuza. Nimeegemea Fender kwa sababu huko ndiko soko liliko, na ukishajua kulikagua moja utaweza kukagua mengine.

Msimamo wangu niuseme mapema: thamani ya besi kuukuu iko kwenye vile ambavyo hakuna aliyevigusa. Karibu kila kosa la gharama katika biashara hii hufanywa na mtu mwenye nia njema na bisibisi mkononi.

1. Shika tarehe chache kichwani

Precision Bass ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1951 kutoka Fullerton, California. Mwaka 1957 ilifanyiwa mabadiliko makubwa: pikapu yake ikagawanywa vipande viwili, kila kipande kikisikiliza nyuzi mbili, na vikaunganishwa kwa namna ya kufuta mvumo wa umeme. Jazz Bass ikaja 1960, ikiwa na pikapu mbili na shingo nyembamba, karibu milimita 38 pale inapokutana na kichwa. Za mwanzo zilikuwa na vifundo vilivyopandana, kimoja juu ya kingine. Kuanzia 1962 vikawa vitatu vilivyopangwa kwa mstari.

Januari 1965 Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa kampuni ya utangazaji ya CBS kwa dola milioni 13, na wauzaji wameufanya mwaka huo kuwa mpaka wa bei. Mimi naona mpaka huo umetiwa chumvi. Magitaa ya 1966 hadi 1969 ni mazuri mno, na ukilipa zaidi kwa ajili ya tarehe peke yake, umenunua tarehe. Ninaposhauri umakini ni kwenye Jazz Bass za katikati ya miaka ya 70 hadi mwanzoni mwa 80, ambazo shingo hushikwa na skrubu tatu badala ya nne. Kamata kiwiliwili kwa mkono mmoja na shingo kwa mwingine, kisha sukuma polepole kushoto na kulia. Ikicheza, uzi wa kwanza au wa nne utakuwa unakimbilia ukingoni kila ukipiga.

2. Namba iliyo nyuma si cheti cha kuzaliwa

Kuanzia katikati ya miaka ya 50 hadi 1976, namba ya Fender iligongwa kwenye bamba la chuma linaloshikilia shingo. Bamba hilo hutoka kwa skrubu tatu au nne na linaweza kuhamia gitaa lolote. Isitoshe, kiwandani mabamba hayakufungwa kwa kufuata mpangilio wa namba. Basi namba ichukulie kama dokezo, na uendelee kuchimba.

3. Omba gitaa lifunguliwe

Muuzaji mkweli hatakataa, ila fungua yeye akiwepo, au fundi wake. Legeza nyuzi, ondoa shingo, utazame kitako chake. Magitaa ya miaka ya 50 mara nyingi yana tarehe iliyoandikwa kwa penseli. Kuanzia 1962 ilipigwa muhuri wenye mwezi, mwaka na herufi ya upana wa shingo. Herufi A ndiyo ya Jazz Bass ya kawaida.

Kisha inua bamba la plastiki na usome migongo ya potensiometa, yaani vile vidude vya duara vilivyo chini ya vifundo vya sauti na toni. Chukua mfano wa namba 1376632. Tarakimu tatu za kwanza, 137, ni za mtengenezaji, CTS. Zinazofuata, 66, ni mwaka 1966, na 32 ni wiki ya mwaka huo. Ukikuta 304 mwanzoni, hiyo ni Stackpole. Namba hii inakuambia gitaa haliwezi kuwa la kabla ya tarehe hiyo, lakini haikuambii lilikamilika lini. Fender ilinunua shehena kubwa ya potensiometa mwaka 1966 na ikaendelea kuzitumia hadi karibu 1969, kwa hiyo besi la 1968 lenye vidude vya 1966 lisikushtue. Potensiometa ya 1972 kwenye gitaa linalodaiwa kuwa la 1964, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Ukiwa humo ndani, tazama risasi kwenye viungo vya waya. Risasi ya zamani imefifia na ina rangi ya kijivu. Kiungo kinachong'aa kimechomwa karibuni. Huenda fundi alitengeneza waya uliokatika tu, huenda pia pikapu zote zimebadilishwa. Uliza.

4. Azima ile taa ya kukagulia noti

Taa ya mwanga wa zambarau inayotumiwa na washika fedha kukagua noti bandia inafaa kabisa kwa magitaa. Zima taa za chumba umulike. Rangi ya zamani ya nitroselulosi huakisi kwa weupe wa kijanikijani au wa manjano, nayo sehemu iliyopakwa upya huonekana ya giza au tofauti na jirani yake. Mulika hasa karibu na kitako cha shingo, kingo za kiwiliwili, na pale palipobandikwa jina la kampuni kichwani.

Kumbuka tu kwamba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 Fender ilihamia kwenye poliesta, ambayo ni nene, ngumu, na haifanyi nyufa nyembamba kama za nitro.

5. Pima pikapu bila kufungua kitu

Hiki ndicho kipimo nikipendacho, maana kinachukua dakika mbili. Chomeka waya wa kawaida kwenye gitaa, fungua sauti na toni hadi mwisho, kisha gusisha ncha za multimita kwenye plagi ya upande wa pili, moja nchani na nyingine shinani. Precision yenye pikapu ya vipande viwili inapaswa kusoma takriban kiloohm 10 hadi 11. Kwa Jazz, funga sauti ya pikapu moja upime nyingine, halafu geuza. Kila moja husoma karibu 7 hadi 8.

Multimita ikisoma mamia ya kiloohm, waya wa koili umekatika mahali. Kwenye Precision, vipande viwili vimefungwa kwa mfuatano, hivyo kimoja kikikatika, pikapu nzima hunyamaza au hubaki na sauti nyembamba ya mbali. Wanunuzi wengi husikia ukimya huo wakadhani vyote vimekufa. Mpe fundi kipande kilichokufa peke yake, na kile kizima kibaki na waya wake wa asili.

6. Chungulia shingo

Shika gitaa kama bunduki, jicho likiwa upande wa kichwa, utazame mstari wa freti hadi chini. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie katikati: nafasi ya unene wa kadi ya jina inatosha. Mpindo kidogo unarekebishika. Shingo iliyojikunja kama parafujo hairekebishiki kirahisi, hata fundi akuahidi nini.

Kwenye Fender za zamani, nati ya chuma cha ndani kinachonyoosha shingo iko kwenye kitako, kwa hiyo kuikaza ni lazima shingo itolewe. Zungusha robo mzunguko, rudisha, pima. Ikigoma, acha. Rickenbacker 4001 ni jambo jingine kabisa: ina vyuma viwili sambamba, na kwenye zile za zamani shingo hunyooshwa kwanza kwa mkono ndipo nati zifuate. Anayekaza nati kwa nguvu ana hatari ya kubandua ubao wa vidole. Kazi hiyo mpe aliyewahi kuifanya.

7. Hakikisha mwenye mali ni nani

James Jamerson, mpiga besi wa Motown, aliibiwa Precision yake ya 1962 muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983, na haijaonekana hadi leo. Besi la Höfner la Paul McCartney liliibiwa London mwaka 1972, na habari za kupatikana kwake zikatangazwa Februari 2024. Gitaa lililoibiwa haliwi lako kwa sababu umelilipia.

Kwetu Afrika Mashariki suala hili lina sura yake. Bendi nyingi za dansi zilikuwa za vyama, mashirika, jeshi na polisi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri, mwanamuziki akavipiga na kulipwa mshahara. Kwa hiyo mzee anayekuonyesha besi alilolipiga miaka ishirini anaweza kuwa mkweli tupu na bado gitaa likawa la wengine. Muulize kwa heshima lilimfikiaje, umwombe aandike mistari michache na kuisaini. Barua hiyo inalinda pande zote, na historia ya bendi iliyoandikwa na aliyekuwepo ina thamani kwa mnunuzi wa baadaye.

8. Mfuko haujafika Fullerton? Nenda Japani

Mwaka 1982 Fender ilianza kutengenezewa magitaa na kiwanda cha FujiGen, Matsumoto. Squier, chapa ya Fender, za mwanzo zenye namba inayoanza na JV zinasifiwa na ni haki yake. Greco na Tokai za miaka hiyo nazo hazina aibu. Utapata gitaa la zamani la kupiga kila wiki bila kulala na wasiwasi.

9. Usipake rangi upya. Tafadhali.

Rangi iliyochakaa, nyufa, alama ya mkono ulioegemea hapo miaka arobaini: acha. Kupaka upya gitaa lenye rangi ya asili hushusha bei yake hadi karibu nusu, na hakuna fundi awezaye kurudisha kilichokwanguliwa na msasa. Ikiwa mtu wa awali alishalipaka, sawa, hapo uko huru, lakini andika ulichofanya.

Bamba la plastiki la miaka ya 60 mwanzoni hunywea kadiri linavyozeeka, na matundu yake hayakutani tena na ya kwenye ubao. Ukilazimisha skrubu, litapasuka. Acha skrubu moja nje, uiweke mahali pa usalama.

Freti zilizoisha ni kesi nyingine. Besi lisilopigika halina maana kwangu, na freti mpya zilizowekwa vizuri wanunuzi wengi huzisamehe.

10. Usafi, na maadui wa rangi

Kitambaa laini chenye unyevunyevu kinatosha kwa kazi nyingi. Vifundo vinavyokwaruza havihitaji kubadilishwa. Pulizia dawa ya kusafishia viungo vya umeme, uvizungushe mara kadhaa. Sasa sikiliza: dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET huyeyusha nitroselulosi. Ukiwa umejipaka jioni, nawa mikono hadi kwenye kiwiko kabla ya kushika gitaa. Mpira wa stendi nao huunguza rangi hiyo taratibu. Zungushia kitambaa cha pamba.

11. Kila ulichotoa, kihifadhi

Skrubu, nati, waya, hata nyuzi zilizochoka: tia kwenye mfuko wenye maandishi. Fender za zamani zilikuja na vifuniko vya kromu juu ya pikapu na daraja. Wapigaji wengi walivitoa kwa sababu vilizuia mkono, vikapotea, na leo vinauzwa peke yake kwa bei nzuri. Fungua mifuko yote ya kasha la zamani kabla hujalitupa. Kasha lenyewe ni fedha.

12. Ukiuza, piga picha mbaya

Namaanisha picha za vitu visivyopendeza: kitako cha shingo, migongo ya potensiometa, viungo vya risasi, tundu lililochimbwa na mtu wa miaka ya 70, ufa. Weka usomaji wa multimita na uzito kwa kilo. Taja kila kilichobadilishwa, na kama huna uhakika kama kitu ni cha asili, sema hivyo hivyo. Mnunuzi wa mbali anayeona kasoro tano zimetajwa huamini kwamba visivyotajwa ni vizima, na hatakurudishia mzigo.

13. Mbao zina sheria mpakani

Ubao wa vidole wa Fender nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 60 ni rozwudi ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu katika jenasi ya Dalbergia. Tangu 1992 mti huo umo kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kulivusha gitaa lake kuliuza nchi nyingine kunahitaji kibali. Rozwudi nyingine zilibanwa mwaka 2017, kisha ala za muziki zilizokamilika zikaachiliwa mwishoni mwa 2019. Ulizia kabla hujakubali hela, kwa sababu forodha hawasikilizi maelezo ya baadaye.

14. Kufunga na kupokea

Legeza nyuzi kiasi, usizitoe zote. Jaza kitambaa chini ya kichwa na pande za kitako ili gitaa lisicheze ndani ya kasha, kisha kasha liingie kwenye boksi lenye nafasi ya kujazwa pande zote. Na ukiwa wewe ndiye mpokeaji, mzigo umeshuka na ndege ukiwa wa baridi na Dar au Mombasa kuna joto lake, usifungue kasha. Liache chumbani kwa muda wa saa kumi na mbili hivi, lizoee, maana nitro hupasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Shingo itasogea kidogo wiki za kwanza kwa unyevu wa pwani. Subiri itulie ndipo umwite fundi arekebishe chuma chake.