Flashi ya GB 64 Iliyonilia Ripoti

Ripoti yangu ya fildi ilipotelea kwenye flashi ya bei ya kutupa niliyonunua Tandika, Temeke. Imeandikwa GB 64. Majina ya mafaili yalionekana yote. Kufika steshenari kuprinti, hakuna lililofunguka.

Mchezo uko hivi: ndani kuna memori ndogo, labda GB 8, ila chipu yake imepangwa iidanganye kompyuta. Ikishajaa inaendelea kupokea, na data zinapotea kimyakimya. Kabla hujaweka kazi yako, ijaribu kwa H2testw, programu ya bure inayoijaza yote kisha kuisoma upya. (Windows ikionyesha GB 59, hujaibiwa, inahesabu kivingine tu.) Huchukua muda, kwa hiyo mkubaliane na muuzaji mapema kwamba ikifeli unairudisha. Akianza kuzungukazunguka, mimi huhamia meza nyingine.