TOROLI ULIYOIACHA NYUMA

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani
Maandiko: Kutoka 21:33-34, Kutoka 23:4-5, Walawi 19:9-10, Luka 16:10
Wazo kuu: Uaminifu wako unapimwa mahali ambapo hakuna anayekulazimisha.



Wengi wetu tukitoka ibada ya Jumapili tunapitia supamaketi kabla ya kufika nyumbani. Wengine Westlands, wengine Lavington, wengine barabara ya Ngong. Unalipa, unasukuma toroli mpaka kwenye gari. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, wengi tunatoa vitu kimoja kimoja na kuvipanga kwenye katoni ndani ya buti. Sasa buti limefungwa, na toroli imesimama hapo. Mahali pa kuirudisha ni hatua thelathini. Mvua inanyemelea, watoto wanalilia chipsi, na tiketi ya maegesho ina dakika zake. Hakuna anayekutazama. Unafanya nini?

Nianze na ushuhuda wangu, na si wa kujivunia.

Siku moja ya mvua niliegemeza toroli kwenye ukingo, ndani ya nafasi iliyochorwa alama ya kiti cha magurudumu. Nafasi ilikuwa tupu, nikasema moyoni, "Ni dakika tu." Nikaondoka. Kwenye kioo cha nyuma cha gari langu kuna stika ya kanisa letu.

Baada ya wiki chache, kijana mmoja anayekaa viti vya nyuma alinisimamisha baada ya ibada. Kazi yake ni kukusanya toroli pale pale. Akaniambia kwa heshima, "Mzee, usikasirike. Ile siku nilikuona." Alinieleza kwamba baada yangu alikuja mama anayetembea kwa magongo, na gari lake likashindwa kuingia. Yeye kijana akakimbia kwenye mvua kuitoa toroli yangu. Hilo halikumuuma, alisema, kwa sababu ni kazi yake. Kilichomuuma ni mwenzake wa kazi, ambaye alikuwa amemwalika kanisani kwa miezi. Mwenzake aliiona ile stika, akamuuliza, "Si hii ndio kanisa yenu?"

"Mzee," akaniambia, "nilikosa jibu."

Nilimwomba msamaha. Nikamtafuta na yule mwenzake, nikamwomba pia. Akacheka, akasema, "Ni sawa, mzee." Lakini kanisani hajafika mpaka leo. Ndiyo maana naandika somo hili.

1. Neno linasema nini?

Biblia haitaji toroli, lakini inataja ng'ombe, punda na shimo. Katika Kutoka 23, Mungu anaagiza kwamba ukikuta ng'ombe wa adui yako amepotea, umrudishe. Wa adui! Mwenye supamaketi hajawa adui yako, na huyu "ng'ombe" wewe mwenyewe ndiye uliyemtoa zizini.

Kutoka 21 inamtaja mtu aliyechimba shimo akaliacha wazi, mnyama wa mwingine akatumbukia. Aliyechimba analipa. Hawezi kujitetea kwamba hakukusudia. Toroli iliyoachwa kwenye mteremko ni shimo lililo wazi. Mara nyingi haina breki, na upepo kidogo tu unatosha. Ikikwaruza mlango wa gari la mtu, au ikimgonga mtoto, wewe utakuwa umeshafika nyumbani unakunywa chai, lakini mbele za Mungu shimo ni lako.

Na Yesu katika Luka 16:10 anafundisha kwamba aliye mwaminifu katika kitu kidogo atakuwa mwaminifu katika kikubwa. Tunaomba Mungu atupe vikubwa. Hiki kidogo cha magurudumu manne tumekifanyia nini?

2. "Si kuna watu wameajiriwa kuzikusanya?"

Hili ndilo tunalojitetea nalo, na linasikika kama huruma: "Nikirudisha zote, kijana atakosa kazi." Soma Walawi 19:9-10. Mungu aliwaagiza wavunaji waache pembe za shamba kwa ajili ya maskini na mgeni. Walichoacha ni chakula. Sisi tunaacha mzigo, halafu tunauita sadaka. Kazi ya kijana ni kuzitoa toroli pale zinapokusanywa na kuzirudisha dukani. Kuifuata moja moja nyuma ya magari kwenye mvua ni kazi tuliyomwongezea sisi. Ukitaka kumbariki, msalimie, mshukuru, na ukiwa na kitu mkononi, mpe.

3. Mtoto anatazama

Toroli ya kwanza ya supamaketi ilianza kutumika mwaka 1937 kule Oklahoma City, Marekani, katika maduka ya Sylvan Goldman. Mwanzoni wateja waliikataa. Goldman akalipa watu wazisukume toroli ndani ya duka kana kwamba wananunua. Wengine walipoona, wakaiga.

Mzazi, wewe pia unaigwa. Mtoto aliye kiti cha nyuma hakumbuki mahubiri yote ya leo, lakini anaona baba anaacha toroli wapi. Kesho ataacha hivyo hivyo sahani, deni, na ahadi.

4. Usiye na gari, usicheke

Unaponunua katikati ya mji, pale Tom Mboya au Moi Avenue, unabeba mzigo wako mpaka stage. Lakini kikapu umekiacha wapi? Umekitupa sakafuni karibu na kaunta, mtu ajikwae? Na ile nyama uliyoona pesa hazitoshi, umeirudisha kwenye friji, au umeificha kwenye rafu ya sabuni iharibike? Anayeisukuma toroli mpaka nje ya lango, mpaka kwenye ploti, asiseme ameazima. Hakuomba.

TUTENDE WIKI HII
• Rudisha toroli yako, na ukiikuta nyingine njiani, ichukue pia.
• Usiiache kamwe kwenye mteremko, nyuma ya gari la mtu, au kwenye nafasi ya walemavu.
• Jua jina la kijana mmoja anayekusanya toroli, na umwombee.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Ni "shimo" gani umeliacha wazi nyumbani, kazini au barabarani?
2. Kwa nini ni rahisi kuwa mtakatifu kanisani kuliko kwenye maegesho?
3. Je, kuna mtu unayepaswa kumwomba msamaha kabla ya Jumapili?

SALA
Baba, umetuona mahali tulipodhani hakuna anayetuona. Utusamehe mizigo tuliyowaachia wengine. Umguse yule aliyetutazama akarudi nyuma, na umlete nyumbani mwako. Katika jina la Yesu, Amina.