SOMO: SIGARA YA KWANZA HUTOKA WAPI?

Katika toleo hili tunawaletea somo la kujadili kwenye kamati za sharika. Tunapozungumza na vijana kuhusu sigara, mara nyingi tunaanzia mwisho: saratani ya mapafu na kifo. Ni kweli, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Lakini kijana wa miaka 14 haoni ugonjwa utakaompata akiwa na miaka 50. Inatupasa kuanzia pale anapoanzia yeye, yaani kwenye sigara moja.

Kwa nini ujana?

Wavutaji wengi huanza wakiwa vijana. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hivi na kuleta raha fupi. Raha ikiisha, mwili huidai tena. Ubongo huendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, kwa hiyo kijana hunaswa kwa urahisi kuliko mtu mzima. Akikosa, hukasirika ovyo na hushindwa kutulia darasani. Ugoro nao una nikotini, na kwa kawaida sigara za umeme zinayo pia, hata zikinukia matunda.

Sigara inamfikiaje?

Pakiti nzima ni ghali kwa mwanafunzi. Sigara moja moja haimshindi. Chenji ya nauli inatosha. Zaidi ya hayo, watoto wengine wanaijua njia ya kwenda kuinunua kwa sababu sisi wazazi ndio tuliowatuma. Mtoto aliyezoeleka kutumwa sigara ya baba, siku akinunua yake mwenye duka hamwulizi.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 ya kudhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ipo, lakini anayeweza kuisimamia kila siku pale dukani ni jirani. Na tuseme ukweli: baadhi ya wenye maduka hayo ni washarika wetu, na sigara huwaletea wateja. Tusiwaseme mimbarani. Tuwaendee, tuongee nao kama ndugu.

Kamati ifanye nini?

1. Wazazi wakubaliane, na itangazwe ibadani, kwamba mtoto hatumwi sigara.
2. Wazee wa kanisa wawatembelee wenye maduka, wawaombe wasimuuzie mtoto hata akisema ametumwa.
3. Mwalimu wa kipaimara atenge kipindi ambacho vijana watajizoeza kukataa mbele ya wenzao.
4. Kijana aliyekwisha kuanza asifukuzwe kwaya. Apangiwe siku ya kuacha, apewe mtu mzima wa kumwendea, na apelekwe kwa mhudumu wa afya.

Kwa wafadhili wetu tunasema: kazi hii haihitaji jengo wala gari. Inahitaji mafunzo kwa walimu wa kipaimara, vitini, na nauli ya kuwafuatilia.

Maswali ya kujadili

1. Ni duka gani lililo karibu zaidi na shule yetu, na nani kati yetu anamfahamu mwenyewe?
2. Nyumbani kwetu, ni lini mtoto alitumwa sigara kwa mara ya mwisho?
3. Tarehe 31 Mei ni Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani. Kufikia siku hiyo, tutakuwa tumetembelea maduka mangapi?