Lamu: Acha Gari Mokowe, Ukodi Chombo

Anayetua Amsterdam na kukodi gari uwanjani hugundua mapema kwamba mji wa mifereji haumtaki. Kazi inabaki kutafuta pa kuliegesha. Venice hawakupi hata nafasi ya kukosea: magari yanaishia Piazzale Roma, kutoka hapo ni miguu au boti. Lamu ni ya ukoo huo huo. Mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una vichochoro ambamo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Cha kukodi hapa ni chombo, pamoja na mwenye kukijua.

1. Gari lako liishie bara. Barabara ya Garsen hadi Lamu siku hizi ni ya lami, lakini inakufikisha gati la Mokowe tu. Safiri mchana na uulize hali ya usalama kabla ya kutoka. Acha gari panapolindwa, chukua boti ya abiria, na usibebe sanduku kubwa la magurudumu. Mawe ya Usita wa Mui hayana huruma. Anayekuja kwa ndege naye hutua kisiwa cha Manda, kwa hiyo hata yeye huingia mjini kwa maji.

2. Tanga au mashini? Mashua ya tanga ni ya mtu asiye na haraka: mchana mzima, samaki wa kuchoma, wali wa nazi, kuogelea Manda Toto kunapokuwa shwari. Boti ya mashini ni ya mtu mwenye saa. Inakula petroli, kwa hiyo swali la kwanza ni kama mafuta yamo ndani ya bei au yako juu yako. Nyingi za tanga nazo hubeba mashini ndogo ya akiba. Ulizia, kwa sababu upepo ukikata jioni mtasukumana kwa pondo. Mimi nitachagua tanga kila nikipata nafasi, ila si kwa safari ya kuwahi ndege.

3. Uliza mwezi kabla ya kuuliza bei. Hiki ndicho kidokezo ambacho vingine vyote vinakitegemea. Gari hukodishwa kwa siku au kwa kilomita. Chombo cha Lamu, hata kama bei imetajwa kwa siku, kinakwenda kwa kujaa na kupwa. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika hamsini kuliko jana. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na moja mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hujaa sana mnamo saa kumi au kumi na moja, alfajiri na alasiri, kisha hupwa sana katikati ya asubuhi. Wiki moja baadaye mambo yamegeuka. Kujaa kumehamia kwenye saa nne au tano asubuhi, lakini ni maji mafu, hayapandi juu wala hayashuki chini sana. Kwa hiyo mgeni anayesema "tuondoke saa tatu baada ya chai" hajasema kitu mpaka ajue mwezi una siku ngapi. Nahodha anajua bila kutazama simu.

4. Takwa ni mfano mzuri wa hesabu hiyo. Magofu haya ya kisiwa cha Manda, mji ulioachwa katika karne ya 17, yanafikiwa kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko. Maji yakijaa, chombo kinateleza hadi karibu. Yakipwa, kinalala kwenye tope na abiria wake, na huko ndiko kupwelewa. Kama ni bamvua, panga kwenda alasiri: mtaingia na maji yanayojaa, mtaona msikiti wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla na kaburi la mnara lililo nje ya ukuta wa mji, kisha mtoke kabla maji hayajawatangulia. Mkipata wasaa, vukeni kwa miguu upande wa pili, kuna ufuo wa bahari kuu. Nahodha akisema "twendeni sasa", msimwombe dakika kumi za picha.

5. Upepo nao una ratiba. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba. Kisiwa cha Pate kiko kaskazini mashariki ya Lamu, hivyo wakati wa kusi mnakwenda na upepo mgongoni na kurudi kwa kubisha, kata huku kata kule. Wakati wa kaskazi ni kinyume chake. Kati ya Juni na Agosti mawimbi nje ya mlango wa Shela si ya mtoto mchanga. Miezi hiyo baki ndani, nyuma ya visiwa.

6. Zungumza na nahodha mwenyewe. Ukifika tu, kijana atakusindikiza Usita wa Pwani na kukuambia ana mashua. Huenda ni kweli, huenda ni dalali. Si dhambi, kila mtu anatafuta riziki, ila udalali unaongezwa kwenye bei yako. Sema kwa adabu: "Asalaam aleikum, kaka. Naomba nimwone nahodha tuelewane naye." Ukimpata, usianze na pesa. "Nahodha, kesho maji yanajaa saa ngapi?" Jibu lake litakuonyesha kama umekutana na baharia au na mwenye kofia ya baharia. Kisha ndipo mtaje watu wangapi, kwenda wapi, chakula cha nani, mafuta ya nani na kurudi lini.

7. Kagua chombo kabla ya kupanda. Jaketi za kujiokoa ziwe sawa na idadi yenu, na za watoto ziwe za saizi ya watoto. Chungulia ngama: maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini kama baharia hapumziki kukumba maji na bado mmefunga gatini, tafuteni kingine. Leseni ni haki yako kuiulizia. Na ukiona ubao umetokezwa ubavuni na mabaharia wamekaa juu yake, usishtuke. Wanaweka uzito upande wa upepo. Ukiruhusiwa kukaa, kaa. Hakuna gari la kukodi linalokupa kiti kama hicho.

8. Pate usiipe siku moja. Watu hutaka mji wa Pate, ngome ya Siyu, magofu ya Shanga na Faza kwa mkupuo, na huishia kuona mikoko tu. Mlango wa mji wa Pate ni Mtangawanda. Siyu nayo ina mkono wake wa bahari unaosubiri maji. Lala usiku mmoja. Kama unapaswa kuchagua, mimi ningechagua Siyu kwa ngome yake ya karne ya 19 na mafundi wa ngozi, halafu Shanga, ambako uchimbaji wa miaka ya 1980 ulioongozwa na Mark Horton ulifukua misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya chini kabisa ikianzia karne ya 8. Ukitaka kwenda kwa nafuu, panda boti ya abiria na wenyeji. Saa yake ya kuondoka nayo hufuata maji.

9. Matondoni kwa wajenzi wa vyombo, Kipungani kwa mikeka. Nusu siku inatosha. Vaa nguo ya heshima, usipige picha ya mtu kabla ya kumsalimu.

10. Kiwayu ni mbali, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1979. Bahari yake ni nzuri mno. Lakini ulizia polisi na wenyeji hali ilivyo wiki hiyo hiyo, weka kando ada ya hifadhi, na usiende na nahodha asiyewahi kufika.

11. Wakati wa Maulidi vyombo huwa haba, wageni hujaa kutoka pwani nzima, basi agana na nahodha mapema. Ijumaa usipange kuondoka saa ya swala. Malipo, toa sehemu ya kununulia mafuta na chakula, iliyobaki ilipwe mkishakanyaga gati. Ya mabaharia wape mkononi mwao wenyewe.