SOMO LA AFYA: Tumsaidieje Mwenzetu Kuacha Sigara?



Katika kikundi chetu hapa Kawangware tulikuwa na mwenzetu, manamba wa matatu za kwenda mjini. Alivuta sana na kukohoa sana. Siku moja tulimsimamisha mbele ya mkutano, tukamwambia aache sigara au tutamwona mjinga. Akanyamaza. Mkutano uliofuata hakuja, na mchango wake ukakoma. Basi tulimpoteza mtu, sigara ikabaki.

Tulikosea wapi? Wataalamu wawili wa Marekani, James Prochaska na Carlo DiClemente, walichunguza watu walioacha sigara wenyewe. Mwaka 1983 waliandika kwamba kuacha ni safari yenye vituo. Leo vituo hivyo huhesabiwa vitano.

1. Hafikirii kuacha. Usimkemee. Mwulize tu, "Sigara inakupa nini, na inakunyang'anya nini?" Kisha msikilize.

2. Anafikiria, lakini anasitasita. Mfanyie hesabu: sigara 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Azidishe kwa bei anayonunulia, aone kama ingelipa karo.

3. Anajitayarisha. Achague siku ya kuacha, awaambie watu wa nyumbani. Atupe kiberiti, na akipita steji abadilishe njia, asikutane na mchuuzi wake.

4. Ameacha. Siku za kwanza ndizo ngumu: hasira, usingizi kupotea, njaa. Hamu ikija hudumu dakika chache tu. Anywe maji, atembee, au amwite mwenzake. Akizidiwa aende kliniki, kwani ziko dawa za kusaidia.

5. Anadumu. Ajihadhari na pombe na marafiki wa zamani. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya ugonjwa wa moyo inayoletwa na sigara hupungua karibu nusu.

Akianguka je? Wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kuacha kabisa. Kuanguka si mwisho wa safari. Mwulizeni ni nini kilichomwangusha, halafu apange upya.

Sasa kosa letu mwaliona. Ndugu yetu alikuwa kituo cha kwanza, nasi tukamdai mambo ya kituo cha nne. Tena kwa aibu! Na sisi hatukuwa safi: mmoja wetu aliuza sigara moja moja kibandani, jambo ambalo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza. Sheria hiyo pia inakataza kumwuzia mtoto aliye chini ya miaka 18, na kuvuta mahali pa watu wote.

Baadaye wawili wetu tulimwendea nyumbani, bila mahubiri. Tuliomba msamaha kwanza. Kuhusu kikohozi tulimsihi jambo moja tu: kikipita wiki mbili, akapimwe kifua kikuu. Alikubali kwenda. Sigara hajaacha bado, lakini amerudi kikundini, na juzi yeye mwenyewe ameuliza, "Hao walioacha walianzaje?" Hicho ni kituo cha pili, jamani.

Maswali ya kujadili
• Katika kikundi chenu, nani yuko kituo gani? (Msitaje majina.)
• Ni maneno gani yetu yanayomfukuza mvutaji badala ya kumsaidia?
• Je, kuna mwanakikundi anayeuza sigara? Angeweza kuuza nini badala yake?